ULEVI NA UPONYAJI KATIKA JUMUIYA NDOGO
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Olbalbal



Wazee wangu, akina mama, vijana, nanyi makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo: Tume ya Haki na Amani imeniomba niseme nanyi juu ya ulevi. Yamkini baadhi yenu mlitegemea kukaripiwa. Kukaripia kumekwisha fanyika vya kutosha, na walevi hawajapungua. Leo nataka tulitazame jambo hili kama suala la haki: ni nani ananyang'anywa nini, na mtu anayetaka kuacha pombe anatudai nini sisi tunaoishi naye.

Mila ya Wamaasai haikuwa mila ya ulevi. Pombe ya asali ilitengenezwa kwa asali, maji na mizizi ya mshubiri wa porini, ikaachwa ichachuke karibu na moto kwa siku kadhaa. Ilikuwa kinywaji cha wazee, cha kubarikia, cha kuposea, cha kumaliza ugomvi. Moran hakuruhusiwa kuinywa. Asali yenyewe haikupatikana kila siku, na aliyeitaka hakuwa na budi kungoja. Kwa majirani zetu wakulima wa Karatu nako, pombe ya nafaka iliandamana na mavuno au na kazi ya kusaidiana shambani. Sisemi kwamba zamani hapakuwa na mlevi. Maandiko yenyewe yatuonyesha Nuhu amelala uchi hemani mwake. Nasema tu kwamba kinywaji kilikuwa na siku yake na watu wake.

Pombe kali haina siku wala watu. Inauzwa asubuhi, inanunuliwa na moran kama inavyonunuliwa na babu yake, nayo hailazimu kungoja asali. Mtakumbuka viroba, vile vifuko vilivyoingia hata katika mfuko wa shati, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Ulikuwa uamuzi mwema. Lakini vichupa vidogo vilishika nafasi yake, na gongo, ambayo imekatazwa na sheria, haikupata kuondoka.

Yapo pia mambo yanayowasukuma watu kwenye chupa, nayo si haki kuyanyamazia. Ukame wa mwaka 2009 uliwaacha wanaume wenye mazizi makubwa wakiwa hawana hata ng'ombe wa kukamua. Mwaka huohuo kilimo cha bustani, kilichokuwa kimeruhusiwa tena katika eneo la Hifadhi mwaka 1992, kilikatazwa. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni, na waliobaki wamekaa wakijiuliza watakuwa wapi mwakani. Mwanamume asiye na mifugo ya kuchunga wala shamba la kulima, asiyejua kama boma lake litakuwapo, hutafuta mahali pa kusahau. Hiyo ni sababu, lakini si udhuru, kwa maana mke wake naye amepoteza mifugo ileile, na bado asubuhi anakwenda kuteka maji.

Sasa, nani ananyang'anywa? Mila zetu zinajua kwamba kila nyumba ya mke ina ng'ombe wake, waliotengwa kwa ajili ya wana wa nyumba hiyo. Baba ni msimamizi. Akimpeleka mnadani dume wa nyumba ya mama fulani, akarudi usiku mikono mitupu, hakutumia mali yake. Amekula urithi wa watoto. Nataka wazee walitamke hili waziwazi katika vikao vyao, maana likitamkwa na padre peke yake litaonekana ni jambo la wageni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inampa mume wajibu wa kumtunza mke na watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuuziwa kileo. Lakini sheria iko mbali na boma. Mzee wa rika lake yuko karibu.

Nije kwenye jambo gumu zaidi. Wengi wetu tunaamini kwamba mlevi hunywa kwa sababu anapenda. Mwanzoni, aghalabu, ni kweli. Baadaye mwili na akili hubadilika, hata asipokunywa anaumwa. Hapo tunasema ana uraibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na ulevi. Inafundisha pia, katika namba 1735, kwamba mazoea yaweza kupunguza lawama ya mtu kwa tendo lake. Mambo hayo mawili yashikwe pamoja.

Kanisa halikulielewa hili siku zote. Huko China aliishi mganga Mkatoliki, Marko Ji Tianxiang, aliyetumia kasumba kutuliza maumivu ya tumbo, ikamshika. Aliungama, akaanguka, akaungama tena, mpaka padre wake akaona kwamba hana nia ya kweli ya kuacha, akamnyima maondoleo. Kwa muda wa miaka 30 hivi hakupokea sakramenti, wala hakuacha kusali na kuhudhuria kanisani. Mwaka 1900 aliuawa kwa ajili ya imani pamoja na watu wa jamaa yake, na tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu. Hatusomi kwamba alipona. Ninawaomba makatekista mmkumbuke mnapoandika majina ya watu wa kuachwa nje.

Kwa kuwa ni ugonjwa, unayo hatari yake ya kitabibu, na hapa nitakaa kidogo, maana inahusu uhai. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka asilazimishwe kuacha ghafula akiwa peke yake nyumbani. Saa chache baada ya kikombe cha mwisho huanza kutetemeka, kutoka jasho, kukosa usingizi. Katika siku mbili tatu za kwanza aweza kupatwa na kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho, au akaweweseka, akaona vitu visivyokuwapo, mwili ukiwa na homa. Wapo wanaokufa katika hali hiyo, na majirani husema amerogwa, au kwamba Mungu amemwadhibu. La hasha! Mwili uliozoea kileo umekatiwa kwa ghafula. Kwa hiyo anayetaka kuacha apelekwe kwanza kwa mganga wa zahanati, na ikibidi Karatu au mbali zaidi. Ziko dawa za kumvusha siku hizo, na vitamini ambazo mlevi huwa amepungukiwa. Asitoke bila mtu wa kumsindikiza. Nauli itoke katika mfuko wa jumuiya, kama tunavyotoa kwa mama anayejifungua kwa shida.

Akishavuka wiki hiyo ndipo kazi inaanza, nayo ni yetu. Huko Marekani, mwaka 1935, walevi wawili walianzisha chama cha walevi wanaosaidiana kukaa bila pombe, ambacho sasa kimeenea duniani. Mojawapo ya kanuni zao ni kutotajana majina. Katika mji mkubwa ni kanuni ya busara. Lakini Olbalbal, ambako ng'ombe wa mtu hujulikana kwa rangi zao kutoka ng'ambo ya mbuga, nani atajificha? Mtu wetu ataacha pombe mbele ya macho ya wote: mbele ya aliyemuuzia, ya rika aliokunywa nao, ya wakwe zake. Kwa sababu hiyo kila mmoja wetu ama ni dawa yake ama ni chupa yake.

Nimewaona wanaume wakirudishwa kwenye pombe kwa maneno manne tu ya mzaha: “Siku hizi u mtakatifu?” Nimeona pia rika moja likikubaliana kwamba katika sherehe ya mwenzao aliyeacha, wote watakunywa chai na maziwa. Aibu haikuwa kwake tena, maana hakuna aliyetofautiana naye.

Matt Talbot, kibarua wa Dublin kule Ireland, aliweka ahadi mwaka 1884 akiwa na umri wa miaka 28. Hakuahidi maisha yote. Aliahidi miezi mitatu, kisha akairefusha, na mwishowe akaahidi kwa maisha. Inasimuliwa kwamba aliacha kutembea na fedha mfukoni, kwa kuwa alijijua. Alikaa miaka 41 bila pombe mpaka alipofariki mwaka 1925. Sisi hupenda kumwapisha mtu milele mbele ya altare siku ya kwanza, naye akianguka mwezi wa pili huona amemkosea Mungu kiasi cha kutorudi tena. Tuanze na siku 30. Akianguka tumtembelee wiki hiyohiyo, na siku zihesabiwe upya. Kuanguka ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu.

Juu ya vijana wanaotumia bangi na mirungi wakirudi kutoka ulinzi na vibarua mijini, nasema kwa ufupi tu: yale ya kumsindikiza na kumpokea ni yaleyale. Zanzibar wamefungua nyumba za kuishi watu wanaoacha dawa za kulevya, zikiendeshwa na watu waliokwisha kuacha wenyewe. Sisi hatuna nyumba ya namna hiyo. Tunao lakini watu walioacha pombe, nao hatujawahi kuwaomba waseme.

Na mama anayepika gongo? Mara nyingi ni mjane anayesomesha. Mwaga pipa lake leo, kesho mtoto amerudishwa kutoka shule. Siwezi kubariki biashara yake, lakini sitakubali kikundi cha vijana kumvunjia vyombo kwa jina la Kanisa wakati wanunuzi wake wamekaa viti vya mbele. Akina mama wenye vikundi vya kukopeshana mtafuteni kabla ya mtu mwingine, mumwulize anahitaji mbuzi wangapi ili aanze kitu kingine.

Yesu alipomwita Lazaro kutoka kaburini, aliyefufuka alitoka angali amefungwa sanda, na kazi ya kumfungua wakapewa waliosimama pale.

Baada ya chakula tutakaa kwa makundi, wazee peke yao, akina mama peke yao, vijana peke yao. Kila kundi lijibu maswali mawili, na katibu aandike: siku ya mnada ni nani atashika fedha ya mtu aliye katika siku zake 30, na nani atamsindikiza kwa mganga.