Kilomita za Nani? Vigezo vya Kumpata Mwanafunzi Anayestahili Usafiri wa Shule kwa Fedha za Umma, Ilembula na Vijiji Jirani

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze vigezo vya kumpata mwanafunzi anayestahili kusafirishwa kwenda shule kwa fedha za umma. Maana za maneno zisitucheleweshe. Mwanafunzi wa kutwa ni yule anayelala kwao. Ustahili ni haki inayotokana na kigezo kilichoandikwa. Usafiri ni chombo chochote halali, si lazima basi.

Kwa sasa hakuna utaratibu wa jumla wa Serikali kuwalipia usafiri wanafunzi wa kutwa. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Nauli ikabaki kwa mzazi. Kilichopo ni nauli nafuu, ambayo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliiacha kuwa shilingi 200 kwenye daladala za mjini katika viwango vya Desemba 2023. Nafuu hiyo haitoki hazina, inatoka mfukoni mwa mwenye gari, na ndiyo maana konda huwaacha watoto kituoni. Tena inamfaa mtoto wa Makambako mjini kuliko wetu. Ukishaiacha barabara kuu pale Halali ukaingia ndani, chombo cha kila siku ni bodaboda, na bodaboda haina nauli ya mwanafunzi.

Kuhusu fedha nitasema moja tu. Ruzuku ya uendeshaji ya mwanafunzi wa sekondari ni shilingi 25,000 kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo: haifiki shilingi 130 kwa siku. Haitoshi hata safari moja ya daladala, achilia mbali chaki. Kwa hiyo tusiwatazame wakuu wa shule.

2. Tatizo la upimaji wa umbali

Hapa naomba nikae. Kwa miaka mingi nimeshughulika na takwimu za utoro, na kila suala la umbali linapofika mezani, kinachopimwa ni kutoka ofisi ya kijiji hadi shuleni. Kipimo hicho ni cha kijiji, wala si cha mtoto. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu karibu na ofisi na shule. Tangu hapo watu wameongezeka, vijana wameoa, wamejenga kwenye mashamba ya wazee wao. Kijiji kikiandikwa kilomita 4, ndani yake kinaweza kuwamo kitongoji ambacho mtoto wake anatembea karibu mara mbili ya hizo, na mtoto huyo hayumo kwenye jedwali lolote. Nimeambatisha orodha za vitongoji kwenye taarifa zangu, nikajibiwa kwamba fomu haina safu ya kitongoji. Ndugu zangu, safu inaongezwa kwa dakika moja. Mtoto aliyeacha shule harudishwi kwa dakika moja.

Jambo la pili ni msimu. Shule hufunguliwa Januari, mvua zikiwa zimekolea. Njia ya mkato inayovuka korongo mwezi Septemba haipitiki Februari, na mtoto analazimika kuzunguka hadi penye daraja. Lakini umbali tunaupima kiangazi, kwa sababu ndipo gari linafika. Kisha mzazi anaitwa na mtendaji kujibu kosa la utoro chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353. Anaulizwa habari za mto uliofurika kana kwamba aliufungulia yeye.

La tatu ni kudhani kwamba anayesoma mbali amejichagulia. Huko Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1996 inampa usafiri wa bure mtoto wa chini ya miaka 8 anayeishi zaidi ya maili 2 kutoka shuleni, na mwenye miaka 8 hadi 16 anayeishi zaidi ya maili 3, mradi anasoma shule inayomfaa iliyo karibu zaidi. Sharti hilo linaingia akilini pale mzazi anapoomba shule. Kwetu wanafunzi wa kidato cha kwanza hupangiwa shule na Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Tukilinakili lilivyo, tutamnyima usafiri mtoto aliyetii upangaji wetu wenyewe. La kuiga kule ni kwamba maili hizo hupimwa kwa njia ambayo mtoto anaweza kuitembea kwa usalama, akisindikizwa inapobidi. Njia ya hatari haihesabiwi.

Mkoa wa Njombe unajua uzito wa hilo. Mwanzoni mwa 2019, watoto walipokuwa wakitekwa na kuuawa, wazazi waliwasindikiza wanafunzi asubuhi na kuwafuata jioni. Na msichana aliyepanga gheto karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali anaukimbia umbali, kisha analala bila mlezi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016, anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Sheria hiyo inafika baada ya madhara. Nauli ingefika kabla.

3. Mapendekezo

Kwanza, umbali upimwe kutoka kitongojini. Pili, upimwe kwa njia ya masika, na mwenyekiti wa kitongoji athibitishe. Tatu, shule inayohesabiwa iwe ile aliyopangiwa mwanafunzi. Nne, mwanafunzi mwenye ulemavu asipimwe kwa kilomita kabisa. Itazamwe kama anaweza kufika. Tano, njia isiyo salama impe mtoto haki hata kama ni fupi.

Sita, tusibuni cheti kipya cha umaskini. Kaya za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zimekwishapitishwa kwenye mkutano wa kijiji, na mpango wa mfuko huo umezifunga kwa masharti ya mahudhurio ya watoto shuleni. Kuzidai mahudhurio bila kuwafikisha watoto shule si haki. Saba, chombo kifuate njia. Jimbo la Bihar nchini India lilianza 2006 kuwapa wasichana wa sekondari baiskeli, na uandikishaji wao ukapanda, hasa wa wanaoishi kilomita 3 au zaidi kutoka shuleni. Palipo tambarare baiskeli inatosha. Nane, na narudia kwa makusudi: umbali upimwe kutoka kitongojini, kwa njia ya masika, kabla hatujazungumzia kununua gari lolote.

Rasimu ya fomu yenye safu za kitongoji, njia ya masika na shule aliyopangiwa mwanafunzi iko mwisho wa kabrasha lenu. Naomba vikundi viijadili mchana huu, na waheshimiwa madiwani waibebe kwenye kikao cha bajeti.