Majina ya Visiwa vya Temotu

Twapenda kuwapeleka mbali kidogo, mpaka Temotu, jimbo la mashariki kabisa la Visiwa vya Solomon, katika Bahari ya Pasifiki. Visiwa vyake vi karibu zaidi na nchi ya Vanuatu kuliko na Honiara, mji mkuu wao. Vingine vina milima na misitu, vingine ni vya matumbawe, havikuinuka sana juu ya maji. Na Tinakula ni mlima wa moto uliosimama peke yake baharini.

Mwaka 1595 Mendaña, jemadari wa Hispania, alikiita kisiwa kikubwa Santa Cruz, yaani Msalaba Mtakatifu, naye akafa huko huko mwaka ule ule. Mwaka 1767 Carteret, Mwingereza, akakiita Egmont. Lakini wenyeji husema Nendö. Quirós alipopita mwaka 1606 alisikiliza, akaandika Taumako, kama watu walivyomtajia kisiwa chao. Hata hivyo mwaka 1797 ikapita merikebu ya wamisionari, jina lake Duff, na mpaka leo ramani husema Visiwa vya Duff! Jimbo lenyewe liliitwa Santa Cruz kwanza; sasa ni Temotu, kwa lugha ya Wapolinesia "te motu", yaani kisiwa.

Tena zilikuja merikebu zilizochukua watu kwa hila na kwa nguvu, wakafanye kazi katika mashamba ya Fiji na Queensland. Sisi tuliosimuliwa habari za misafara ya watumwa twaijua hofu hiyo. Basi tarehe 20 Septemba 1871 Askofu Patteson alipotua kisiwani Nukapu, aliuawa. Wengi walisadiki kuwa ni kisasi cha watu watano walioibwa. Wataalamu wengine wa siku hizi hawakubali kwamba sababu ni hiyo tu. Mwaka 1872 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya biashara ile.

Jina la Patteson hutajwa sana. Sisi makatekista twapenda litajwe na la Stephen Taroaniara, mwalimu, aliyepigwa mishale mashuani siku ile pamoja na Padre Joseph Atkin. Wote wawili walikufa baada ya siku chache. Kwao Stephen palikuwa San Cristobal, kisiwa ambacho jina lake la kienyeji ni Makira. Stephen alipewa katika ubatizo. Taroaniara alikuja nalo.