Mchezaji wa Nne Naye Ahesabiwe

Mazungumzo kwa wanafunzi na walimu wa vyuo vya ufundi kuhusu kutengeneza mashine ya michezo ya video ya watu wanne



Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi serikali za kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Humo seremala, fundi umeme na mwanafunzi wa kompyuta husoma kila mmoja darasani mwake. Kutengeneza mashine ya michezo ya video ni kazi inayowakutanisha wote watatu. Sehemu inayohitaji fikra zaidi ni ubao wa vidhibiti, yaani pale penye vijiti vya kuelekeza na vitufe.

Ubao wa mtu mmoja hauna taabu. Taabu huanza wanapocheza wanne. Mara nyingi fundi huwapangia vizuri mchezaji wa kwanza na wa pili, kisha wa tatu na wa nne wakabanwa pembeni. Mtoto anayesimama pale hushindwa kila mara, akadhani hajui kucheza, kumbe ubao ndio uliomnyima haki.

Kwanza ni nafasi. Kabla ya kukata plaiwudi, chora ubao kwenye kadibodi, kisha watu wanne wasimame mbele yake bega kwa bega. Viwiko vikigongana, ongeza upana. Pima pia mlango wa chumba. Ubao wa watu wanne waweza kuushinda mlango, kwa hivyo ufungwe kwa bolti ili utoke peke yake.

Pili ni mwelekeo. Wachezaji wa pembeni husimama mshazari, na fundi hushawishika kugeuza kijiti kiwafuate. Asifanye hivyo. Mbele ya kijiti iendane na juu ya skrini kwa wote wanne. La sivyo, mchezaji atasukuma mbele na kumwona mtu wake akienda kombo.

Tatu ni idadi ya vitufe. Mwaka 1985 kampuni ya Marekani, Atari Games, ilitoa Gauntlet, mchezo wa watu wanne. Kila mmoja alikuwa na kijiti na vitufe viwili tu, na kila nafasi ilikuwa na rangi yake. Mwaka 1991 Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II, mchezo wa watu wawili wenye vitufe sita kila mmoja. Kwa hivyo si lazima kila nafasi iwe na vitufe sita. Wawili wa katikati wapewe sita, wa pembeni wapewe vinne, na rangi zitofautiane. Usawa ni kila amri kufika, wala si kuhesabu vitufe.

Nne ni nyaya. Wengi hufungua kibodi kuukuu ya kompyuta na kuunganisha vitufe humo. Ni rahisi, lakini nyaya za kibodi ya kawaida hupangwa kwa safu na mistari inayoshirikiana. Wanne wakibonyeza kwa pamoja, baadhi ya amri hupotea, au hutokea amri ambayo hakuna aliyeitoa. Afadhali kutumia sakiti ya vidhibiti vya michezo ambayo kila swichi ina njia yake, na waya mmoja wa pamoja ukazungukia swichi zote.

Tano ni usalama. Vitufe hutumia volti 5 kutoka kwenye kompyuta, lakini umeme wa ukutani ni volti 240, nao huua. Nyaya hizo zitenganishwe, na kazi ya umeme wa ukutani isimamiwe na mwalimu. Televisheni ya zamani ya kioo kizito isifunguliwe na mwanafunzi, kwani huhifadhi umeme hatari hata ikichomolewa.

Mwisho ni majaribio. Wote wanne washike vijiti na kubonyeza vitufe kwa wakati mmoja. Kisha wabadilishane nafasi hadi kila mmoja asimame kila mahali. Ikiwa nafasi moja hushindwa bila kujali aliyesimama hapo, asilaumiwe mchezaji. Ubao urudi mezani, urekebishwe.

Fundi hodari humkumbuka atakayesimama pembeni. Akijifunza hivyo kwenye mashine ya michezo, atajenga vivyo hivyo kaunta ya duka, benchi la shule na foleni ya zahanati.