Yule Ambaye Jina Lake Halimo Katika Mkataba



Wahitimu, miongoni mwenu wamo wathamini wa milki, wamo wasanifu majengo, wamo wakadiriaji majenzi, wapimaji na wapangaji miji. Na ijapokuwa vyeti mtakavyokabidhiwa ni vya namna mbalimbali, kazi inayowangojeni ni moja, nayo ni kuzigeuza fedha za wenye fedha zikawa maduka, maofisi, mahoteli na maghala yatakayosimama katika miji yetu hata baada ya majina yenu kusahauliwa. Kila jengo la biashara huzaliwa katika mkataba, na katika mkataba huo mtayakuta majina ya mwenye kiwanja, ya mwekezaji, ya benki, ya mkandarasi na ya wakili aliyeshuhudia. Hamtalikuta jina la mpita njia atakayepita chini ya jengo hilo kila alfajiri, wala la mama lishe mwenye meza yake kando ya ukuta, wala la mkazi wa bondeni ambaye maji ya paa lile yatamteremkia, wala la mtoto atakayezaliwa miaka 30 baadaye akalirithi jengo likiwa kuukuu. Hao ndio ninaotaka kuwasemea leo, kwa sababu mezani pale hawana wa kuwasemea ila ninyi.

Mnaijua habari ya Kisutu, Dar es Salaam, ingawa wengi wenu mlikuwa bado watoto wa shule. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, ambalo lilikuwa limekwisha fikia ghorofa 16 ilhali kibali chake kilikuwa cha ghorofa pungufu ya hizo, liliporomoka lote kwa mara moja, na watu 36 wakafa, wakiwamo mafundi na vibarua waliokuwa kazini, na wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani kwa kuwa ile ilikuwa siku ya mapumziko. Watoto wale hawakuwa wabia wala wapangaji, na hapana hata karatasi moja ya mradi ule iliyowahi kuwataja.

Haukupita mwezi, msiba mwingine wa jinsi hiyo ukatokea Bangladesh, katika mji wa Savar ulio jirani na Dhaka, tarehe 24 Aprili 2013, lilipoanguka jengo la Rana Plaza na kuwaua watu 1,134, aghalabu yao wanawake washona nguo. Na katika habari zote za msiba ule, iliyoniingia moyoni zaidi ni hii: nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla, benki iliyokuwa imepanga mle ikawaondoa watumishi wake, na washonaji wa ghorofa za juu wakaamrishwa kurudi kwenye cherehani. Jengo lilikuwa moja na nyufa zilikuwa zile zile, lakini walikuwamo wapangaji ambao maisha yao yalikuwa na mtu wa kuyahofia, na walikuwamo wengine ambao hawakuwa na mtu.

Nasi tusidhani kwamba zama hizo zimepita. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, lilianguka jengo la ghorofa nne Kariakoo, Dar es Salaam, saa ambayo maduka yalikuwa yamekwisha funguliwa na wachuuzi wamekwisha ingia, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mwenye kuijua Kariakoo anaijua pia hesabu yake: chumba kimoja kikikatwakatwa hutoa fremu nne, kila fremu ina kodi yake ya pango inayolipwa kwa miezi mingi mbele, na juu ya kodi hiyo kuna kilemba ambacho mpangaji mpya humpa anayemwachia nafasi, basi kila hatua ya sakafu ina bei, na mwenye jengo hushawishika kuongeza ghorofa juu ya nguzo ambazo hazikukusudiwa kuibeba, au kuchimba chini ya msingi apate maduka ya ardhini. Ghorofa ya ziada ina mahali pake katika daftari la mwekezaji, upande wa mapato. Nondo iliyopunguzwa unene, na zege iliyozidishiwa mchanga, hazina mstari wa kuandikiwa mpaka siku ya msiba. Mstari huo ndio mnaoajiriwa kuuandika mapema, na mkadiriaji atakayeuacha wazi kwa sababu mwajiri hapendi kuuona atakuwa ameiacha kazi yake, hata kama amelipwa ujira wake wote.

Sasa nitawageukia wathamini, maana hao ndio wa kwanza kufika katika ardhi, kabla ya tingatinga na kabla ya bendera za uzinduzi. Mthamini huingia katika ua wa mtu asubuhi, ana fomu mkononi na kijana wa kushika futi, naye huanza kuhesabu: minazi mikubwa minane, miembe miwili, nyumba ya udongo yenye bati, choo, kisima, kaburi la bibi mzaa baba. Mwenye ua, ambaye pengine ni mama mtu mzima asiyejua kusoma, humfuata nyuma akijibu anayoulizwa, na mwisho huwekewa wino katika kidole gumba akabandika mahali palipoonyeshwa. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, inasema kwamba anayetwaliwa ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati, nayo inautaja usumbufu, na usafiri, na makazi ya muda, na faida inayopotea. Hiyo ni sheria njema, na walioitunga waliwafikiria watu kama yule mama. Lakini sheria haiwezi kuingia uani kwake. Anayeingia ni wewe, mwanangu, na katika saa ile moja utaamua kama utakwenda na mjumbe wa mtaa au peke yako, kama utamsomea kwa sauti yote uliyoyaandika na kumwuliza kama kuna ulichokisahau, na kama maandazi anayowauzia wanafunzi wa shule ya jirani utayahesabu kuwa biashara au utayapita kama kwamba si kitu. Nimewaona wathamini wa namna zote mbili, na naweza kuwahakikishieni kwamba mradi uliowatendea insafu wenyeji wake tangu mwanzo haukwami mahakamani miaka na miaka, wakati riba ya benki inaendelea kupanda. Hata mwekezaji asiyejali lolote ila fedha zake anayo sababu ya kumshukuru mthamini mwadilifu.

Husemwa mara nyingi siku hizi kwamba haya mambo ya uwajibikaji kwa jamii na kuitunza ardhi kwa ajili ya vizazi vijavyo ni fikra zilizotujia na wafadhili, na kwamba ni anasa ya nchi zilizokwisha shiba. Kauli hiyo siikubali hata kidogo, na ushahidi wangu uko Unguja, katika Mji Mkongwe. Nyumba si haba za mji ule ziliwekwa wakfu na wenyewe, yaani mali ikazuiliwa isiuzwe wala isirithiwe, na manufaa yake, ambayo mara nyingi yalikuwa kodi ya maduka na vyumba, yakaelekezwa kwa msikiti, kwa madrasa, kwa maskini au kwa jamaa wa aliyeweka wakfu. Na wanafikihi walikuwa na kanuni ambayo natamani kila mwekezaji katika milki aihifadhi, nayo ni kwamba fungu la kwanza la mapato ya wakfu huenda katika kulitengeneza jengo lenyewe, kabla ya mnufaika yeyote kupata chochote. Hiyo ni biashara ya majengo kamili, yenye mpangaji, yenye kodi na yenye msimamizi, isipokuwa waliotangulizwa ni wale wasiokuwapo.

Na kanuni ile ilipoachwa, mji wenyewe ulitoa ushuhuda. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga chokaa kila baada ya muda na kuziba paa lisivuje, utadumu kuliko wajukuu wako, lakini kodi ikipungua hata isitoshe kununua chokaa, mvua huingia kichwani mwa ukuta, boriti huoza mahali zinaposhikana na jiwe, na siku moja sakafu huteremka na watu wake. Tena yuko fundi mwenye haraka ambaye huziba nyufa kwa saruji, akidhani ameimarisha, ilhali saruji huufungia unyevu ndani ukaendelea kuula ukuta pasipo kuonekana. Mji ule uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka matengenezo yakiwa yanaendelea, na watu wawili wakafa. Mwenye kuhesabu gharama ya kujenga bila ya kuhesabu gharama ya kulitunza jengo kwa miaka 50 ijayo amehesabu nusu tu, na nusu aliyoiacha atailipa mtu mwingine.

Mababu wale walijua pia namna ya kujikinga na joto, kwa kuta nene, kwa madirisha yaliyokabiliana na kwa ua wa ndani. Sisi tunasimamisha minara ya vioo juani, katika pwani ambayo jua lake halina huruma, kisha tunaifungia mitambo ya kupozea hewa na kumwachia mpangaji bili ya umeme kila mwezi, na huo si usasa, ni israfu. Mwenye shaka aende Harare akalitazame jengo la Eastgate, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa michoro ya Mick Pearce, ambalo ni maduka na ofisi kama mengine yote ya kibiashara: hewa baridi ya usiku hupitishwa ndani yake ikazipoza sakafu nzito za zege, na mchana zege hiyo hupokea joto la watu na mashine, kisha hewa iliyopata moto hupanda ikatoka kwa mabomba marefu ya paani, kwa namna iliyoigwa kutoka katika vichuguu vya mchwa. Wenye jengo hawakulazimika kuagiza ile mitambo mikubwa ya kupozea hewa ambayo jengo la kadiri ile lingeidai. Huko Nairobi nako, mwaka 2019, kampuni ya Acorn ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi za Kenya zaidi ya bilioni 4, ya kwanza kutolewa nchini humo, kwa ajili ya kujenga mabweni ya wanafunzi yenye kutumia maji na nishati kwa kiasi, na wenye fedha wakainunua. Basi asitokee mtu akawaambieni kwamba mtaji na dhamiri havikai nyumba moja. Faida ni halali, na mwekezaji anastahili kuipata. Ninachokikataa ni ile faida ambayo, ukiichunguza, utaona ni gharama iliyohamishwa kutoka mfukoni kwake ikatiwa katika maisha ya mtu ambaye hakuulizwa.

Mtapata majaribu, wala sitawaficha. Mteja atakuambia thamani anayoitaka kabla hujakiona kiwanja, kwa sababu benki inaingoja. Mwingine atakuomba uandike kuwa wananchi walishirikishwa katika tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inaitaka, ilhali mkutano wenyewe ulikuwa wa watu sita na soda. Mwingine atataka kiwanja chote kisakafiwe, pasibaki hata shubiri moja ya udongo wa kunywa mvua, na ukimwuliza maji yatakwenda wapi atakuonyesha mtaro, na mtaro unashuka katika Mto Msimbazi, na mafuriko ya Desemba 2011 kule Jangwani, Dar es Salaam, mliyaona. Katika saa hizo muhuri wako ni mali yako, na hapana awezaye kuupiga ila wewe. Wako vijana waliouzuia muhuri wao wakakosa kazi kwa msimu mmoja. Nami nawajua baadhi yao, na leo benki zinawatafuta hao hao, kwa sababu mkopeshaji naye hupenda kuijua kweli ya rehani yake.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, kabla sijaketi nina ombi moja, nalo ni dogo kwa gharama. Wanafunzi wetu hupelekwa kuona majengo yakijengwa, na hilo ni jema; naomba wapelekwe pia katika majengo yaliyokwisha timiza miaka kumi, wakakae na mlinzi wa getini, na mpangaji wa fremu ya mwisho kabisa, na jirani wa ukuta wa pili, na fundi bomba anayeijua kila kasoro iliyofichwa, wawaulize jengo lile limewafanyia nini, kisha majibu yao yaandikwe na kuwekwa maktaba, pamoja na michoro na makadirio ya awali, ili anayejifunza kukadiria asome vyote viwili kwa pamoja. Na wahitimu hawa wa leo, chuo kikiwaita baada ya miaka kumi waje kuyaonyesha majengo yao wenyewe, naomba waitike.