Amri ikitolewa katikati ya kesi ya ufilisi

Hotuba ya afisa wa sheria wa kaunti kwa wafanyabiashara wa soko



Mwenyekiti wenu ameniuliza: mtu akishtakiwa ili atangazwe mufilisi, na jaji akatoa amri isiyomridhisha kabla kesi haijaisha, akate rufaa mara moja au angoje mwisho?

Inategemea amri. Kesi hizi husikizwa na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, na ndani ya kesi moja huwa na mabishano mengi: leo deni la huyu, kesho uuzaji wa duka. Ukingoja mwisho, huenda duka limeshauzwa.

Kisa cha Marekani kinaonyesha hatari hiyo, ingawa sheria yao si yetu. Kampuni ya Ritzen ilikuwa imeishtaki Jackson Masonry huko Tennessee kuhusu mauzo ya ardhi. Siku chache kabla ya kesi kusikizwa, Jackson ikaomba kinga ya ufilisi na kesi ikasimama. Ritzen ikaomba iruhusiwe kuendelea, ikakataliwa. Haikukata rufaa ndani ya siku 14. Ilingoja mpaka dai lake lenyewe likatupwa. Januari 2020, majaji wote wa Mahakama ya Juu ya huko walikubaliana kwamba lile katazo lilikuwa uamuzi wa mwisho juu ya jambo lile, na muda ulikuwa umepita. Lakini mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mpango wa kulipa madeni ukikataliwa, na mdaiwa bado ana nafasi ya kuleta mwingine, huo si uamuzi wa mwisho. Hata mawakili huchanganyikiwa hapo.

Sisi tuna orodha. Agizo la 43 la Kanuni za Kesi za Madai za 2010 linataja amri ambazo unaweza kuzikatia rufaa bila kuomba ruhusa. Amri yako isipokuwamo, omba ruhusa ya jaji: kwa mdomo pale pale amri inaposomwa, au kwa maandishi ndani ya siku 14. Basi mwambie wakili wako kabla ya siku ya uamuzi, asije akakusanya faili na kutoka.

Notisi ya rufaa nayo hupelekwa kwa msajili wa mahakama iliyotoa amri ndani ya siku 14. Wengi huteleza hapa: husubiri ruhusa kwanza. Kanuni za Mahakama ya Rufaa haziwalazimishi kusubiri.

Na kukata rufaa hakusimamishi dalali. Amri ya kusimamisha utekelezaji huombwa peke yake, bila kuchelewa. Mahakama Kuu itataka uonyeshe hasara kubwa utakayopata, na uweke dhamana.

Sasa maswali. Nianze na mama aliyeinua mkono pale nyuma.