Pikapu ya Limuru Katika Joto la Lodwar

Wako watu wa Lodwar wanaofikiri kununua pikapu kuukuu kutoka Limuru, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Limuru ni nchi ya baridi, na huko injini yenye rejeta iliyoziba nusu yaweza kwenda miaka mingi bila kulalamika. Huku kwetu joto la mchana hufika digrii 35 na kupita, na toka Lodwar hata Kakuma ni kilometa kama 120. Maji yatachemka njiani. Dereva akishupaa kwenda, gasketi huungua na kichwa cha injini hupinda, na gharama ya kuitengeneza yaweza kula mbuzi wengi.

Basi kabla ya kutoa fedha, lipakizeni gari mzigo kamili, lipandishwe mlima toka Mai Mahiu hata Limuru wakati wa adhuhuri, nanyi mkiitazama geji ya joto. Injini ikiisha kupoa kabisa, fungueni rejeta: maji yenye kutu au mafuta ni dalili mbaya. Rangi mpya haihusu kitu. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mwacheni na gari lake.