Kesi Inayopotea Kwenye Mita: Ushahidi katika Mashtaka ya Wizi wa Umeme

Umeme ni mali isiyoweza kuletwa mahakamani. Katika shauri la Low dhidi ya Blease la mwaka 1975, mahakama ya Uingereza ilikataa kabisa kuuhesabu kama mali inayoweza kuibwa kwa maana ya kawaida ya wizi. Sheria ya Wizi ya nchi hiyo ya mwaka 1968 iliuwekea kosa lake pekee, katika kifungu cha 13. Ng'ombe aliyeibwa hurudishwa akiwa na alama zake, lakini uniti zilizoibwa zimekwisha kuchemsha maji na kuendesha majokofu. Hakimu hubakiwa na mita, kipande cha waya na maneno ya fundi. Ndiyo maana nadai kwamba mashtaka haya hayaanzi kwa mwendesha mashtaka. Yanaanza fundi anapofungua kifuniko cha mita, na mengi ya kuyaharibu yanaweza kufanyika hapo hapo.

Tuchukue mfano wa Tanzania, mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, iliyorukwa: waya mfupi umetoka upande umeme unakoingilia, ukaenda moja kwa moja upande wa kutokea. Fundi akiukata kwa haraka, akaing'oa mita na kuitupa nyuma ya gari pamoja na nyingine za mtaa huo, umeme umeokolewa ila kesi imekufa. Picha ya waya ukiwa mahali pake haipo, namba ya mita na ya lakiri hazikuandikwa, na hakuna mjumbe wala jirani aliyetia saini. Katika shauri la Paulo Maduka na wenzake (Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007), Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitaka kumbukumbu za maandishi zinazofuatana, tangu kielelezo kinapokamatwa hadi kinapofika mahakamani. Upande wa mashtaka hupenda kujibu kwamba baadaye, katika shauri la Joseph Leonard Manyota, Mahakama hiyo hiyo ililegeza masharti kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, na mita ina namba yake. Ni kweli inayo. Lakini namba inathibitisha kwamba mita ni ile ile tu. Haisemi waya ulikuwamo ilipofunguliwa, wala kwamba haikuchezewa ikiwa stoo.

Wengine wanaona dawa ni kugeuza mzigo wa uthibitisho, wakitaja India. Sheria ya Umeme ya huko ya mwaka 2003, kifungu cha 135, kweli inadhania kwamba mtumiaji ndiye aliyefanya udanganyifu iwapo njia bandia ya kuchota umeme imethibitika, mpaka aonyeshe vinginevyo. Wanaoisifu huisoma nusu. Kifungu hicho hicho kinataka orodha ya vilivyokamatwa iandaliwe na mkaaji wa nyumba apewe na kuisaini, na marekebisho ya mwaka 2007 yakaongeza kwamba umeme ukikatwa, malalamiko ya maandishi yafike polisi ndani ya saa 24. Yaani hata huko dhana inakuja baada ya kuthibitisha kwamba waya ulikuwapo, na kuthibitisha huko ni kazi ya fundi yule yule.

Zaidi ya hapo, dhana hiyo ikiletwa Dar es Salaam bila kupimwa itamwangukia ambaye jina lake limo kwenye mita. Katika nyumba ya kupanga, mita moja huweza kuhudumia vyumba sita, mwenye nyumba anaishi mkoa mwingine, na waya umeunganishwa na kishoka, fundi asiye rasmi, aliyelipwa na mpangaji aliyekwisha kuhama. Kudai fidia ya uniti kwa mwenye akaunti ni shauri la madai, na uzito wake wa ushahidi ni mwepesi. Kumtia hatiani ni jambo jingine: lazima ithibitishwe pasipo shaka ya maana nani alijua na nani alinufaika, kwa hiyo hati ya ukamataji iseme pia waya ulilisha vyumba vipi, funguo za sanduku la mita zilikuwa kwa nani, na nani alikuwapo siku ile.